Visiwa vya Mbali, Kilio cha Nyumbani

Mnamo Machi 30, 1982, wafanyakazi wa Argentina waliandamana mjini Buenos Aires wakidai amani, mkate na kazi. Bei za bidhaa zilikuwa zimepanda zaidi ya maradufu katika mwaka uliotangulia, viwanda vilikuwa vimefungwa, na kwa miaka sita nchi ilikuwa mikononi mwa majemadari waliolivunja bunge, wakavinyamazisha vyama na kuwatowesha raia. Polisi waliwakabili waandamanaji kwa farasi, marungu na gesi ya kutoa machozi. Zaidi ya watu elfu moja walitiwa mbaroni, miongoni mwao kiongozi wa wafanyakazi Saúl Ubaldini, na katika mji wa Mendoza mwandamanaji mmoja alipigwa risasi, na baadaye akafa. Siku tatu hazikupita. Aprili 2, uwanja ule ule wa Plaza de Mayo ulifurika watu tena, na safari hii hawakupigwa. Jenerali Leopoldo Galtieri alitokea kwenye roshani ya ikulu, akawapungia mkono, nao wakamshangilia. Kwa kuwa alfajiri ya siku hiyo majeshi yake yalikuwa yametwaa visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas.

Wapo watakaotuuliza: visiwa vya kondoo na upepo, katika ncha ya dunia, vinamhusu nini Mkenya? Tunawajibu kwa tarehe moja. Juni 9, 1982, siku tano kabla ya vita hivyo kumalizika, Bunge letu liliibadilisha Katiba na kuifanya Kenya kwa sheria nchi ya chama kimoja, na kifungu hicho hakikufutwa hadi Desemba 1991. Hatudai kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano wowote. Tunasema tu kwamba sisi tuliolelewa chini ya kifungu cha 2A tunaijua vyema sauti ya mtawala anayewaambia raia kwamba huu si wakati wa kuuliza maswali. Na tuna haja ya kufahamu ilikuwaje watu wa Argentina, ambao walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza, wakanyamaza kwa majuma kumi.

Kwanza tulitendee haki dai lenyewe, maana wakili asiyesoma hoja za upande wa pili hafai kusimama mbele ya jaji. Visiwa hivyo viko kilomita zipatazo 480 kutoka pwani ya Argentina, sawa na mwendo wa barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa, ilhali kutoka Uingereza ni zaidi ya kilomita 12,000. Wafaransa walijenga kituo huko mwaka 1764, Waingereza wakafuata, kisha Wahispania wakavishika. Na Argentina ilipojikomboa kutoka kwa Uhispania ilijihesabu kuwa mrithi. Januari 1833 manowari ya Waingereza ilifika na kuwafukuza askari wachache wa Buenos Aires waliokuwako. Tangu siku hiyo Waargentina hawajaacha kulalamika, na kila mtoto wa shule hufundishwa malalamiko hayo. Waingereza nao husema: tumekaa huko tangu 1833, na wakazi wa visiwa, ambao mwaka 1982 walikuwa kama 1,800 tu, ni watu wetu nao hawataki kutawaliwa na wengine. Mwaka 1965 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka pande mbili zizungumze. Zilizungumza kwa miaka 17. Mwaka 1980 waziri mmoja wa Uingereza, Nicholas Ridley, hata alipendekeza kwamba Argentina ipewe milki ya visiwa na Uingereza ivikodi. Akazomewa vikali katika bunge lake.

Basi dai lilikuwapo, na halikuwa dai la kipuuzi. Lakini mtu mwenye hati ya shamba haruhusiwi kuuvunja mlango wa aliyemo usiku wa manane. Katiba ya Umoja wa Mataifa inaamuru migogoro itatuliwe kwa njia za amani, na inakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine. Majemadari waliyajua hayo. Ripoti ya tume iliyoundwa na wanajeshi wenyewe baada ya vita, ikiongozwa na Luteni Jenerali Benjamín Rattenbach, ilionyesha kwamba mpango wa uvamizi ulikuwa umeanza kuandaliwa tangu siku za mwanzo za utawala wa Galtieri, aliyetwaa madaraka Desemba 1981. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wasemavyo, kwamba vita vilibuniwa kwa sababu ya maandamano ya Machi 30. Ukweli ni mbaya zaidi. Silaha hiyo ilikuwa imenolewa mapema, ikingojea siku ambayo nyumbani patachemka. Mfa maji haishi kutapatapa, na huyu alikuwa amejiwekea gogo la kushikilia kabla ya kuingia majini.

Waingereza nao walimsaidia bila kujua. Walikuwa wametangaza kuiondoa Endurance, meli pekee ya kijeshi waliyokuwa nayo katika bahari ile. Sheria yao mpya ya uraia ya mwaka 1981 iliwanyima wakazi wengi wa visiwa uraia kamili wa Uingereza. Dosari hiyo ilirekebishwa mwaka 1983, baada ya damu kumwagika. Katikati ya Machi wafanyakazi wa mfanyabiashara wa vyuma chakavu kutoka Argentina walishuka katika kisiwa cha South Georgia na kupandisha bendera yao, na mzozo ukapata cheche. Galtieri aliamini mambo mawili: kwamba Uingereza haitapigana, na kwamba Marekani, ambayo majeshi yake ya Argentina yalikuwa yakiisaidia kuwafunza waasi wa Nikaragua, itafumba macho. Usiku wa kuamkia uvamizi Rais Reagan mwenyewe alimpigia simu kumwonya. Galtieri alijikwepesha kwa saa kadhaa kabla ya kuipokea, na alipoipokea hakubadilisha lolote. Mtu aliyezoea kuogopwa kwa miaka sita hana tena masikio ya kusikia neno "hapana".

Aprili 3 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 502: uhasama ukome, majeshi ya Argentina yaondoke mara moja, na suluhisho litafutwe kwa diplomasia. Kura kumi ziliunga mkono, Panama ikapinga, na nchi nne, zikiwamo Muungano wa Kisovieti na China, zikajizuia. Inafaa tukumbuke kwamba tatu kati ya kura hizo kumi zilitoka Afrika, nazo ni za Uganda, Togo na Zaire. Majemadari walikuwa wametazamia kwamba nchi zilizotawaliwa na wakoloni zitawapigia makofi. Kumbe nchi zenye mipaka iliyochorwa na wageni zina sababu nzuri ya kuogopa mtu anayerekebisha mipaka kwa bunduki, hata kama mzungumzaji wa upande wa pili ni mkoloni wa zamani.

Sasa tunafika mahali panapotuuma zaidi, sisi tulio katika harakati za mageuzi. Aprili 7 baraza la kijeshi lilimwapisha Jenerali Mario Benjamín Menéndez kuwa gavana wa visiwa. Ndege ilijazwa wageni wa heshima kutoka Buenos Aires kwenda kushuhudia. Waliopanda ndege hiyo hawakuwa majemadari na vibaraka wao tu. Walikuwamo viongozi wa vyama vilivyonyamazishwa, na alikuwamo Saúl Ubaldini yule yule, ambaye juma moja kabla alikuwa kizuizini kwa kudai mkate. Hatumtukani marehemu. Tunajaribu kuuelewa ugumu wa siku ile: taifa zima linaimba, dai ni la haki machoni pa kila mtu, na anayekataa kupanda ndege ataitwa msaliti kabla jua halijatua. Lakini waliopanda walimpa Galtieri kitu ambacho polisi wake hawakuweza kumpatia kwa marungu. Walimpa uhalali.

Wapo waliokataa. Wakili Raúl Alfonsín, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa baraza la kutetea haki za binadamu nchini mwake na aliyekuwa akipeleka mahakamani maombi ya kutaka waliokamatwa waletwe mbele ya jaji, hakwenda. Alikuwa miongoni mwa wanasiasa wachache mno walioepuka kuvibariki vita vile. Na akina mama waliokuwa wakizunguka uwanja wa Plaza de Mayo kila Alhamisi tangu 1977, wakiwa wamejitanda vitambaa vyeupe kichwani na kuuliza watoto wao wako wapi, walipata jibu ambalo kwa maoni yetu wanasheria mia moja wasingelipata. Walisema: Malvinas ni za Argentina, na waliotoweshwa pia ni wa Argentina. Kwa maneno hayo hawakulikana dai la taifa lao, wala hawakuliacha liwe blanketi la kuwafunika wauaji.

Huko London bunge lilikutana siku ya Jumamosi, jambo la nadra, na waziri wa mambo ya nje, Lord Carrington, akajiuzulu Aprili 5 kwa kuwa uvamizi ulitokea yeye akiwa kazini. Tusipite haraka hapo. Hakuwa ameiba, wala hakuwa amefumaniwa; alisema tu kwamba jambo limeharibika chini ya usimamizi wake, akaenda zake. Siku hiyo hiyo kundi la manowari liling'oa nanga kutoka Portsmouth. Safari ilichukua majuma kadhaa, na waziri wa Marekani, Alexander Haig, akatumia muda huo kuruka huku na huko kati ya London na Buenos Aires akitafuta mapatano. Hakuyapata. Mwisho wa Aprili Marekani iliegemea wazi upande wa Uingereza.

Kisiwa cha South Georgia ndicho kilichokombolewa kwanza, Aprili 25. Kikosi kidogo cha Waargentina katika bandari ya Leith kiliongozwa na afisa wa jeshi la majini aitwaye Alfredo Astiz, na jina hilo linastahili aya yake. Mwaka 1977 Astiz, kijana mwenye uso wa upole, alijipenyeza miongoni mwa wale akina mama wa Plaza de Mayo akijidai kuwa ndugu yake ametoweshwa. Walimpokea kama mwana. Desemba mwaka huo aliwaonyesha watekaji, na waasisi wa kikundi hicho, akiwamo Azucena Villaflor, pamoja na watawa wawili Wafaransa, wakachukuliwa na kuuawa. Huyo ndiye aliyekabidhiwa ulinzi wa bendera. Alipoziona manowari za Waingereza alitia sahihi ya kusalimu amri bila kupigana. Ufaransa na Uswidi ziliomba ahojiwe juu ya raia wao. Waingereza walimuuliza maswali, hakujibu, nao wakamrudisha kwao kama mfungwa wa vita. Hesabu yake ilikuja mwaka 2011, mahakama ya Argentina ilipomhukumu kifungo cha maisha.

Mei 2 nyambizi ya Uingereza iitwayo Conqueror iliizamisha meli ya Argentina General Belgrano. Watu 323 walikufa, karibu nusu ya Waargentina wote waliouawa katika vita hivi. Meli ilikuwa nje ya eneo la maili 200 ambalo Waingereza walikuwa wametangaza kwamba chombo chochote kikiingia kitashambuliwa, na wakati wa kupigwa ilikuwa inaelekea mbali na visiwa. Kisheria jambo hilo si jepesi kama wengi wanavyolisema. Uingereza ilikuwa imetoa onyo jingine Aprili 23 kwamba meli yoyote yenye kutishia itapigwa popote ilipo, na jeshi la majini la Argentina lenyewe baadaye lilikiri kwamba hilo lilikuwa tendo la vita. Kosa la serikali ya Bi. Thatcher lilikuwa jingine: iliwaambia wabunge mambo yasiyo sahihi juu ya mahali ilipokuwa meli na ilikokuwa ikielekea, kisha ikashikilia kauli hizo.

Afisa mmoja wa wizara ya ulinzi, Clive Ponting, alimpelekea mbunge Tam Dalyell hati zilizoonyesha ukweli. Alishtakiwa kwa kuvunja sheria ya siri za serikali. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba manufaa ya nchi ni yale yasemwayo na serikali iliyopo, akawaacha na njia moja tu ya kuamua. Februari 1985 wananchi hao kumi na wawili walirudi wakamwachilia huru. Tuliosomea sheria hatusahau shauri hilo, kwa sababu Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187 ya sheria zetu, ni mjukuu wa ile aliyoshtakiwa nayo Ponting, na sisi hatuna baraza la wananchi la kusimama kati ya mshtakiwa na maneno ya jaji. Hata huko Uingereza serikali haikukubali kushindwa: sheria mpya ya mwaka 1989 iliiziba njia aliyoitumia.

Mapigano yenyewe tutayaeleza kwa ufupi. Mei 4 kombora lililorushwa na ndege ya Argentina liliiteketeza manowari Sheffield na kuwaua mabaharia 20. Mei 21 Waingereza walishuka katika ghuba ya San Carlos, na kwa siku kadhaa marubani wa Argentina, ambao ushujaa wao hakuna aliyeukana, wakaruka chini kabisa juu ya maji na kuzamisha meli tatu za kivita na moja ya mizigo iliyokuwa imebeba helikopta. Mei 28 na 29 kijiji cha Goose Green kilitwaliwa. Ndani ya ukumbi wa kijiji walikutwa wakazi 114, wakubwa kwa watoto, waliokuwa wamefungiwa humo karibu mwezi mzima. Juni 8 meli Sir Galahad ilipigwa ikiwa imejaa askari, 48 wakafa.

Wale waliokuwa wakipigana upande wa Argentina walikuwa akina nani? Wengi walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 20, walioandikishwa jeshini kwa lazima ya sheria. Wengi walitoka mikoa ya kaskazini kama Corrientes na Chaco, nchi ya joto. Walipelekwa kwenye vilima vyenye tope na baridi, kipupwe kikianza, bila mavazi ya kutosha. Vikosi vilivyozoea milima na theluji vilibakizwa barani, kwenye mpaka wa Chile, kwa kuwa majemadari walikuwa wamegombana na jirani huyo pia. Katika mahandaki chakula kilikuwa haba, ilhali mjini Stanley maghala yalikutwa na chakula tele baada ya vita. Kijana aliyeiba kondoo kwa njaa alifungwa mikono na miguu kwenye vigingi, akalazwa juu ya ardhi yenye barafu kwa saa nyingi. Waliomfanyia hivyo si Waingereza. Ni maofisa wake mwenyewe, waliokuwa wamejifunza kazi hiyo nyumbani, juu ya miili ya raia. Jeshi lililozoeshwa kutesa haliachi mazoea yake kwa sababu limevushwa bahari.

Nyuma, nchini, watu hawakujua. Magazeti yalitangaza kwamba Argentina inashinda. Katika kipindi cha televisheni kilichoendelea kwa saa 24 wananchi walitoa fedha, dhahabu, hata pete za ndoa, kwa ajili ya vijana wao. Sehemu kubwa haikufika kwenye mahandaki. Hatuoni ajabu. Nchi ambayo mwandishi huulizwa usiku ameandika nini haiwezi kupata habari za kweli asubuhi kwa kuwa tu kuna vita. Kwa hiyo Juni 14, baada ya vilima vya Longdon, Two Sisters na Tumbledown kutwaliwa kwa mapigano ya usiku ya ana kwa ana, habari za kushindwa ziliwaangukia raia kama paa la nyumba. Menéndez alisalimu amri kwa Jenerali Jeremy Moore, akaomba neno moja lifutwe katika hati: kwamba anasalimu "bila masharti". Neno likafutwa. Zaidi ya askari 11,000 waliweka silaha chini. Siku 74 zilikuwa zimewaua Waargentina 649, Waingereza 255, na wanawake watatu wa visiwani, waliouawa na mizinga ya wale waliokuja kuwakomboa.

Kwa Bi. Thatcher, ambaye mwanzoni mwa 1982 umaarufu wake ulikuwa chini sana, ushindi ulikuwa neema. Mwaka uliofuata alishinda uchaguzi kwa wabunge wengi ajabu. Alisema alipigania haki ya watu wachache ya kujiamulia. Neno zuri. Ila katika Bahari ya Hindi, huku kwetu, kati ya 1968 na 1973 serikali za Uingereza, za vyama vyote viwili, ziliwahamisha wenyeji wa visiwa vya Chagos, watu wapatao 1,500 au zaidi, bila kuwauliza, ili Marekani ipate kituo cha kijeshi katika Diego Garcia. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kutengwa kwa visiwa hivyo na Mauritius hakukuwa halali. Wakazi 1,800 wa Falkland walipelekewa manowari za kuwaokoa. Watu wa Chagos waliletewa meli za kuwaondoa. Msomaji anajua rangi za ngozi za makundi hayo mawili bila sisi kumwambia.

Tuirudie Argentina. Juni 15 watu walirudi Plaza de Mayo, hasira zikiwa zimeelekea kwingine, na gesi ya machozi ikarudi pia. Siku mbili baadaye Galtieri alikuwa amekwisha kuangushwa na wenzake. Waliomfuata walijaribu hila ambayo kila utawala wa mabavu huijua: Septemba 1983 walijitungia sheria ya kujisamehe. Oktoba 30 uchaguzi ukafanyika, na aliyeshinda ni Alfonsín, yule ambaye hakupanda ndege. Aliapishwa Desemba 10, na kabla ya mwezi kwisha bunge jipya likaifuta sheria hiyo. Mwaka 1985 majemadari tisa, makamanda waliotawala kwa zamu, walisimama mbele ya majaji wa kiraia. Jorge Videla na Emilio Massera walifungwa maisha. Msaidizi wa mwendesha mashtaka alikuwa kijana Luis Moreno Ocampo. Wakenya tulikuja kulijua jina lake Desemba 2010, alipowataja watu sita wa nchi yetu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Galtieri aliponyoka katika kesi hiyo, lakini alihukumiwa miaka 12 katika kesi nyingine kwa jinsi alivyoviendesha vita. Alisamehewa na Rais Menem mwaka 1989, akakamatwa tena mwaka 2002 kwa ajili ya waliotoweshwa, akafa Januari 2003 akiwa katika kizuizi cha nyumbani.

Wasomaji wengi hawajui kwamba Argentina ilikuwa na visiwa vingine vya kugombania. Katika mlangobahari wa Beagle, kusini kabisa, ilivutana na Chile juu ya visiwa vitatu vidogo. Mwaka 1977 wasuluhishi waliipa Chile. Majemadari wakaikataa hukumu, na Desemba 1978 majeshi yao yalikuwa yamekwisha kujipanga kuvuka mpaka Papa alipoingilia kati. Ugomvi huo Alfonsín aliurithi. Yeye hakwenda kwenye roshani. Novemba 1984 aliwauliza raia kwa kura kama wanakubali mapatano yaliyoiachia Chile visiwa hivyo, na zaidi ya wanane katika kila kumi wakakubali. Wananchi wale wale, miaka miwili tu baada ya kumshangilia Galtieri. Wanaotuambia kwamba raia ni watoto, ati wakiachiwa mambo ya mipaka na heshima ya taifa wataangamiza nchi, watueleze hesabu hii: aliyepeleka vijana kufa ni mtawala asiyechaguliwa, na waliochagua amani ni wapiga kura.

Dai la Malvinas halikufa. Katiba ya Argentina iliyorekebishwa mwaka 1994 inalitaja waziwazi, na inasema litafuatwa kwa sheria za kimataifa na kwa kuheshimu maisha ya wakazi. Wakazi nao walipopiga kura mwaka 2013, 1,513 walitaka kubaki chini ya Uingereza na watatu tu wakakataa.

Vijana waliorudi kutoka mahandakini walilazimishwa na jeshi kutia sahihi kwamba hawatasimulia waliyoyaona. Ilichukua hadi mwaka 2007 baadhi yao kwenda mahakamani kushtaki waliowafunga kwenye vigingi. Maofisa walijitetea kwamba muda umepita. Walalamishi wakajibu kwamba kumtesa askari wako ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, usiozeeka. Februari 2015 Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kuisikiliza rufani yao. Sisi tunaona ilikosea, na kwamba mateso ya mahandakini yalikuwa tawi la mti ule ule uliohukumiwa mwaka 1985.

Waliokufa wamelala katika makaburi ya Darwin, misalaba myeupe 237. Afisa wa Uingereza, Geoffrey Cardozo, ndiye aliyewakusanya na kuwazika kwa heshima mwaka 1983. Zaidi ya 120 kati ya makaburi hayo yaliandikwa tu kwamba amelala hapa askari wa Argentina anayejulikana na Mungu. Mwaka 2017 Shirika la Msalaba Mwekundu lilifukua na kupima damu na mifupa kwa idhini ya serikali zote mbili, na kufikia Machi 2018 ndege ilipowaleta jamaa, mama kadhaa wazee walisimama kwa mara ya kwanza mbele ya jiwe lenye jina la mwana. Kazi hiyo ilikuwa ngumu bila sababu, kwa kuwa wengi wa vijana hao walipelekwa vitani bila hata kibati cha jina shingoni.